Maswali ya Wasomaji: Makopo ya Supu, Skrini ya Marilyn na Nukta za Lichtenstein

Toleo lililopita tuliigusa sanaa ya pop, ile inayochukua picha za matangazo, katuni na bidhaa za dukani, kwa aya mbili tu, na maswali yakamiminika. Tumeyachambua, yaliyofanana tumeyaunganisha. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. La fundi wa Mwanza limechukua nafasi kubwa, na halikupunguzika.

Habari za kazi, wahariri. Nafundisha sanaa sekondari. Kitabu kimoja kinasema sanaa ya pop ilianzishwa na Andy Warhol, New York, mwaka 1962. Kingine kinasema ilianzia London. Nifundishe kipi? (Mwalimu, Dodoma)

Anza na London, Mwalimu, kisha nenda New York, ila wanafunzi wasidhani kwamba New York iliinakili London. Ni mito miwili iliyokuja kukutana baadaye.

Mwaka 1947 Eduardo Paolozzi, Mskoti wa wazazi wa Kiitalia, alikata kurasa za magazeti ya Kimarekani na kuzibandika kwenye kadibodi: mwanamke wa jaladani, chupa ya Coca-Cola, ndege ya kivita, na bastola inayotema wingu lenye neno "Pop!". Neno lilikuwa limeshatokea, lakini mkondo wenyewe ulikuwa bado hauna jina. Mwaka 1952 alimulika kurasa za aina hiyo ukutani mbele ya wenzake wa Independent Group, vijana wasanii, wasanifu majengo na waandishi waliokutana katika taasisi ya ICA, London. Ili kuelewa kwa nini walizikodolea macho kurasa za matangazo, kumbuka kwamba Uingereza nyama iligawiwa kwa kadi hadi mwaka 1954. Tangazo la Kimarekani lenye jokofu lililojaa nyama lilikuwa kama ngano ya Sinbadi.

Mwaka 1956 Richard Hamilton, mmoja wa kundi hilo, alitengeneza kolaji (picha ya vipande vilivyokatwa na kubandikwa) kwa ajili ya katalogi na bango la maonyesho yaliyofanyika katika galeri ya Whitechapel. Ni ndogo kuliko wanafunzi wanavyodhani, takriban sentimita 26 kwa 25. Ndani yake kuna sebule, televisheni, kinasa sauti, kopo la nyama mezani, na mtunisha misuli aliyeshika pipi kubwa yenye neno POP. Januari 1957 Hamilton aliwaandikia wenzake barua akiorodhesha sifa za utamaduni wa aina hii: wa watu wengi, wa kupita, wa kutupwa, wa bei nafuu, unaotengenezwa kwa wingi, wa vijana, wa mzaha, wenye ashiki, wa hila, wa kung'aa, wa biashara kubwa. Mpe kila mwanafunzi orodha hiyo na ukurasa mmoja wa matangazo, aitafute sifa moja moja. Hapo utakuwa umepata kipindi kizima.

New York hawakuwa na njaa ya vitu hivyo, walikuwa wamezama ndani yake. Jasper Johns alichora bendera ya Marekani kwa nta na rangi juu ya vipande vya magazeti mwaka 1954 na 1955. James Rosenquist alikuwa amepanda viunzi kupaka mabango makubwa juu ya Times Square. Warhol alikuwa amechora viatu kwa matangazo miaka mingi. Mwaka 1961 yeye na Roy Lichtenstein walikuwa kila mmoja anachora katuni bila kujua kwamba mwenzake anafanya hivyohivyo. Warhol alipoziona za Lichtenstein katika galeri ya Leo Castelli aliachana na katuni, akatafuta kitu kingine. Mwishoni mwa 1962 mfanyabiashara wa sanaa Sidney Janis aliwaonyesha vijana hawa kwa pamoja, na wachoraji wakubwa wa dhahania (wasiochora vitu vinavyotambulika) aliokuwa akiwauza kazi zao, Rothko, Motherwell, Guston na Gottlieb, wakaihama galeri yake kwa hasira. Tarehe ya kitabu chako cha kwanza inatokana na kelele za mwaka huo.

Je, yale makopo 32 ya supu ya Warhol yalichapwa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia wavu? Mimi na mwenzangu tumebishana wiki nzima. (Wapenzi wawili wa sanaa, Mombasa)

Hapana. Aliyesema yamechorwa kwa mkono ashinde. Warhol alimulika mchoro wa kopo kwenye turubai, akafuata mistari kwa penseli, akajaza rangi za akriliki kwa brashi. Yale maua madogo ya rangi ya dhahabu kwenye ukanda wa chini aliyapiga kwa muhuri. Ukiyatazama kwa karibu utaona hayakai sawasawa: moja limeinama, jingine limefifia. Skrini alianza kuitumia miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1962.

Kila turubai ina sentimita 50.8 kwa 40.6, moja kwa kila ladha iliyouzwa wakati ule. Zilionyeshwa Julai 1962 katika galeri ya Ferus, Los Angeles, zikiwa zimeegemezwa kwenye rafu nyembamba kama bidhaa za dukani. Bei ilikuwa dola 100 kwa moja, na wanunuzi walikuwa wachache. Mwenye galeri, Irving Blum, aliwashawishi wote waliokuwa wamechukua moja moja wamwachie, akamlipa Warhol dola 1,000 kwa seti nzima, tena kwa mafungu. Leo seti hiyo iko katika jumba la makumbusho la MoMA, New York.

Wahariri, nachapa fulana na mabango ya harusi. Wateja wanataka "ile ya Marilyn", uso wa mtu kwa rangi nne. Nikichapa, uso unakuwa doa jeusi, au nukta zinapotea, na mashavuni kunatokea mawimbi. Warhol mwenyewe alifanyaje? (Fundi skrini, Mwanza)

Fundi, hapo kuna matatizo matatu yenye sababu tatu. Lakini tuanze na mpangilio wa kazi, maana huenda ndiko unakopotea. Wachapaji wengi huitenganisha picha kwa kompyuta kuwa rangi nne, kisha huchapa zote kwa skrini nne. Warhol mwaka 1962 hakufanya hivyo. Uso wa Marilyn Monroe, mwigizaji wa Hollywood, ulikuwa na skrini moja tu, ya nyeusi. Rangi nyingine zote zilipakwa kwa brashi, na zilipakwa kabla.

Alichukua picha ya matangazo ya sinema ya 1953, akaikata ibaki kichwa na shingo, akaipeleka kwa watengenezaji skrini wa kibiashara. Wao waliikuza hadi kipimo alichotaka, wakaongeza tofauti ya mwanga na kivuli, wakamrudishia kwenye filamu angavu. Filamu hiyo aliilaza juu ya turubai na karatasi ya kaboni katikati, akafuatisha mpaka wa nywele, kope, midomo na kola. Ndani ya mipaka hiyo akapaka rangi bapa: njano, waridi, kijani-bluu, nyekundu. Hakuna kivuli wala mchanganyiko. Zikikauka, skrini ya nyeusi inalazwa juu na wino unavutwa. Nyeusi ndiyo inayoleta pua, macho na kivuli cha kidevu. Kwa kuwa rangi zilipakwa kwa kukisia, hazikai pale nyeusi inapotua: mdomo unatoka nje ya mdomo, na rangi ya kope inapanda kwenye nyusi. Wateja wako wanaupenda uso huo kwa sababu ya kosa hilo, hata kama hawajui.

Sasa kazi yako. Kwenye karatasi tumia wavu wa nyuzi 77 hadi 90 kwa sentimita. Kwenye fulana tumia 43 hadi 55. Fremu iwe na nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kuzunguka picha, ili wino upate mahali pa kupumzika na wavu usikaze pembeni.

Doa jeusi hutokana na nukta kutanuka. Wino ukigusa karatasi nukta inavimba, na kwenye pamba inavimba zaidi. Kivuli chenye nukta za asilimia 90 kinajifunga kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuivunja picha kuwa nukta, ifanye iwe nyepesi kuliko unavyotaka ionekane: sehemu nzito zaidi ya uso ibaki asilimia 80 hadi 85, na nyeupe ya shavu ama isiwe na nukta kabisa ama isishuke chini ya asilimia 10. Nywele nyeusi, zenye kubanwa au kusukwa, ndizo zinazoziba kwanza. Zipe mwanga wa pembeni wakati wa kupiga picha, la sivyo mteja atapata kofia.

Nukta kupotea kunatokana na nukta kuwa ndogo kuliko wavu unavyoweza kushika. Hesabu yake ni rahisi. Chukua nyuzi za wavu kwa inchi, gawanya kwa 4.5. Wavu wa nyuzi 77 kwa sentimita ni kama 195 kwa inchi, jibu ni 43, kwa hiyo tumia safu 40 hadi 43 za nukta kwa inchi. Wavu wa 43 unakupa safu 24 tu. Ukilazimisha safu 60 kwenye wavu wa fulana, nukta ndogo hazipati uzi wa kujishikiza, zinaondoka na maji. Usiogope nukta kubwa. Kwenye sanaa hii nukta kuonekana si aibu.

Mawimbi nayo huja pale safu za nukta zinapogombana na nyuzi za wavu. Geuza safu za nukta zako kwa pembe ya digrii 22.5, ukiepuka 0, 45 na 90. Kama mawimbi yanabaki, chunguza picha ya asili: ikiwa umeiskani kutoka kwenye gazeti, tayari ilikuwa na nukta zake, na sasa unapanda nukta juu ya nukta. Tafuta picha halisi.

Filamu iwe nyeusi tii. Ukichapa kwa leza kwenye karatasi ya trasi, ishike juu ya taa. Ikipitisha mwanga wa kahawia, chapa mbili uzilaze moja juu ya nyingine bila kupishana. Wavu uoshe kwa sabuni ya kuondoa mafuta, ukauke. Paka imalshani (dawa inayogandishwa na mwanga) tabaka moja upande wa karatasi na moja upande wa wino, kisha ulaze fremu gizani, upande wa karatasi ukiwa chini. Hapa watu wa maziwa na wa pwani huumia: hewa ina unyevu, imalshani inaonekana kavu juu huku ndani bado ni bichi, na ukiimulika inachuruzika yote wakati wa kuosha. Weka feni, acha usiku mzima.

Muda wa kumulika hatuwezi kukuambia, maana taa yako si taa ya jirani. Fanya jaribio moja, litakuokoa skrini kumi. Laza filamu yenye nukta za kila kipimo, weka kioo kizito juu, funika yote kwa kadi nyeusi, kisha vuta kadi sentimita 3 kila baada ya dakika moja, mara saba. Osha kwa maji ya uvuguvugu pande zote mbili, ngoja dakika mbili, osha tena. Ukanda unaoteleza kama bamia kwa ndani haukupata mwanga wa kutosha. Ukanda ambao nukta ndogo hazikufunguka umezidishiwa. Ule wa katikati, wenye nukta safi na usioteleza, ndio muda wako.

Kuchapa: skrini iinuliwe milimita 2 hadi 3 juu ya karatasi kwa vipande vya kadibodi kwenye pembe, ili wavu uguse pale tu mpira unapopita. Skwiji, yaani huo mpira wa kuvutia wino, iwe na ugumu wa wastani, kama 70, yenye ncha kali isiyochakaa, izidi picha sentimita 2 kila upande, na uivute kwa mwinuko wa digrii 75. Ukiilaza sana, wino unamwagika chini. Baada ya kila chapa, inua skrini na ufunike picha kwa wino bila kukandamiza, ili matundu yasikauke. Mwanza mchana wenye upepo, wino wa maji hukauka ndani ya wavu kwa dakika chache. Ongeza dawa ya kuchelewesha ukavu, asilimia 5, isizidi 10.

Kama unataka rangi ikae sawa, ifanye izidi mpaka kwa milimita 1 ijifiche chini ya nyeusi. Kama unataka sura ya Warhol, isogeze milimita 2 au 3 upande mmoja, na rangi zote zielekee upande huohuo. Zikielekea kila upande, kazi inaonekana imeharibika kweli.

Jambo moja la kutazama ukipata nafasi: ile kazi ya mwaka 1962 yenye nyuso 50 za Marilyn, iliyoko jumba la makumbusho la Tate, London. Nusu ya kushoto ni ya rangi, ya kulia ni nyeusi peke yake. Upande wa kulia kuna safu iliyojaa wino hadi uso unakaribia kuzama, na safu ya mwisho imefifia kama moshi. Wengine huandika kwamba imepauka kwa uzee. La hasha. Ni wino mwingi, kisha kidogo, kisha wavu ulioziba, jambo unalolijua fika. Warhol aliviacha vyote, na Marilyn alikuwa ndiyo kwanza amefariki, Agosti ya mwaka huo.

Lichtenstein alinakili katuni za watu. Hiyo ni sanaa au wizi? Na zile nukta alizipangaje? (Mchora katuni, Nairobi)

Swali la pili kwanza, ni jepesi. Nukta zenyewe zimetokana na ufundi wa kupiga chapa wa Ben-Day, uliobuniwa na Benjamin Day wa Marekani mwaka 1879: badala ya kununua wino wa waridi, mpiga chapa huweka nukta nyekundu kwenye karatasi nyeupe, na jicho linachanganya. Mwaka 1961 Lichtenstein alianza vibaya, akichovya kwenye rangi brashi ya plastiki ya kuchania mbwa. Nukta zikatoka za ajabuajabu, nyingine nene, nyingine nusu. Baadaye akatumia bati lenye matundu na kusukuma rangi kwa mswaki. Alichora mchoro mdogo kwa penseli za rangi, akaumulika kwenye turubai, akaurekebisha, kisha nukta zikatangulia, rangi bapa zikafuata, na mistari mizito myeusi ikaja mwisho kufunika kingo zote.

Ukitaka kujaribu, tafuta bati lenye matundu ya milimita 3. Rangi iwe nzito kama mtindi mgando. Piga brashi wima, usiburute, maana ukiburuta rangi hupenya chini ya bati na nukta mbili zinaungana. Kila unapoliinua, futa upande wa chini kabla ya kulilaza tena. Unaposogea, laza safu ya mwisho ya matundu juu ya nukta ulizokwisha kupiga. Usipofanya hivyo kutabaki mfereji mweupe unaoonekana kutoka ng'ambo ya chumba.

Kuhusu wizi. Whaam! ya mwaka 1963, yenye vipande viwili na upana wa mita 4, imetokana na katuni ya Irv Novick iliyotoka kwenye gazeti la vita la mwaka 1962. Tate iliinunua mwaka 1966. Wachora katuni wa wakati ule walilipwa kwa ukurasa, hakimiliki ikabaki kwa kampuni, na majina yao hayakutajwa ukutani. Lichtenstein alibadilisha mpangilio, akapunguza, akakaza mistari, na ukiziweka bega kwa bega utaona si nakala. Hata hivyo sisi tunaona malalamiko ya wachora katuni ni ya haki. Kubadilisha picha ni jambo moja, kumtaja aliyeianza ni jingine, na hili la pili halikuhitaji brashi.

Kwa kuwa ina rangi kali, picha bapa na maneno, je, kanga ni sanaa ya pop? Na Tingatinga? (Msomaji, Zanzibar)

Kanga ina pindo, mji na jina, inachapwa kwa maelfu, inauzwa kwa bei ya watu wa kawaida, inasema mafumbo ya mjini. Hivyo ni vitu ambavyo wasanii wa pop walivitafuta kwenye makopo na mabango. Lakini sanaa ya pop ni pale msanii wa galeri anapokichukua kitu cha sokoni na kukipeleka ukutani kitazamwe upya. Kanga haikutoka galeri wala haikuhitaji kwenda huko. Msanii akiitundika kanga iliyokuzwa mita tatu, huyo ndiye anayefanya sanaa ya pop.

Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya mraba vya mbao za dari, akawauzia wageni wa Oysterbay. Vifaa ni vya dukani, lakini shabaha yake ilikuwa wanyama na ndege. Matangazo na umaarufu hayakumhusu.

Wengine huchanganya pia na uchoraji wa mjini wa Kongo. Lubumbashi ya miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha takriban mia moja na kuisimulia kwa Kiswahili. Picha za namna hiyo zilinunuliwa na wenyeji kwa sebule zao. Ni sanaa ya watu kwa watu, haikuwa na haja ya kichekesho cha Hamilton.

Ni kweli Warhol alichora pundamilia wetu wa kaskazini? (Mwongoza watalii, Isiolo)

Kweli. Mwaka 1983 alitoa seti ya chapa 10 za wanyama walio hatarini kutoweka, aliyoagizwa na Ronald na Frayda Feldman wa New York. Humo mna pundamilia wa Grevy, yule mwenye michirizi myembamba anayeishi Kenya na Ethiopia, pamoja na ndovu wa Afrika na kifaru mweusi. Kila chapa ina sentimita 96.5 kwa kila upande, na kila mnyama alichapwa nakala 150. Kufikia hapo ufundi ulikuwa umebadilika: rangi zote zilipita kwenye skrini, na mistari ya rangi iliyochorwa kwa mkono ilichapwa juu ya picha. Ukimtazama pundamilia huyo, hesabu rangi za michirizi, kisha utafute nyeusi na nyeupe zimebaki wapi.

Nikichapa uso wa mwanamuziki maarufu "kwa mtindo wa Warhol" na kuuza, naweza kushitakiwa? (Kijana mbunifu, Arusha)

Unaweza, na mwenye kukushitaki huenda si mwanamuziki bali mpiga picha. Warhol mwenyewe yalimpata. Maua yake ya mwaka 1964 yalitokana na picha ya Patricia Caulfield iliyochapwa kwenye gazeti la upigaji picha. Bibi huyo alifungua kesi na wakamalizana nje ya mahakama.

Kesi nzito zaidi ilikuja Warhol akiwa ameshafariki. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 gazeti la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha itumike mara moja kama msingi wa mchoro wa Warhol. Warhol akatengeneza nyingine nyingi. Mwaka 2016, Prince alipofariki, taasisi ya Warhol ilikodisha mojawapo kwa jalada la gazeti bila Goldsmith kupata kitu. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilimpa Goldsmith haki: picha zote mbili zilitumika kwa kazi ileile, yaani kumwonyesha Prince gazetini, na kubadilisha rangi hakukutosha.

Hiyo ni sheria ya Marekani, lakini kwetu pia picha ya kamera ni kazi inayolindwa. Piga picha yako mwenyewe, au upate ruhusa ya maandishi inayotaja idadi ya fulana, muda na nchi. Na kwa uso wa mtu aliye hai, pata ruhusa yake vilevile. Ukikwama, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya ndizo ofisi za hakimiliki za kuuliza.

Sanaa hii si ilikufa na miaka ya sitini? (Mwanachuo, Kampala)

Kama mkondo wa galeri, ilipoa mapema. Kama tabia, angalia. Jalada la santuri ya Beatles la 1967, lililobuniwa na Peter Blake na Jann Haworth, ni kolaji ya watu maarufu iliyouzwa kwenye kila duka la muziki. Mwaka 1986 Keith Haring alifungua duka New York akiuza fulana na beji zake, jambo ambalo wengi walilibeza na leo majumba ya makumbusho mengi yana duka la namna hiyo mlangoni. Takashi Murakami wa Japani alizichukua katuni za kwao mwaka 2000 na kuziita bapa kupindukia. Mei 2022 Marilyn mmoja wa mwaka 1964, wa mraba wa mita moja hivi, aliuzwa mnadani kwa dola milioni 195. Na programu ya simu inayokugawia uso wako katika vyumba vinne vya rangi unaijua mwenyewe.

Sanduku la sabuni linakuwaje sanaa? Naona ni kutuchezea. (Msomaji mwenye hasira, Tanga)

Hasira yako ina wenzake. Masanduku ya Brillo ya Warhol yalionyeshwa Aprili 1964 katika galeri ya Stable, New York, yakiwa yamerundikwa hadi watu wakapita kwa shida. Si maboksi ya kadibodi. Ni ya mbao nyembamba, yalipigwa na mafundi seremala, yakapakwa rangi nyeupe, kisha kila upande ukachapwa kwa skrini ya nyekundu na ya bluu. Vipimo vyake ni takriban sentimita 43 kwa 43 kwa 36. Ukisogea karibu utaona rangi imevuja kidogo kwenye kingo na misumari imezibwa. Mwanafalsafa Arthur Danto alitoka humo na swali lililomshughulisha maisha yote: vitu viwili visivyotofautika kwa macho, kimoja sanaa na kingine sabuni, tofauti yao iko wapi basi?

Boksi halisi la dukani lilibuniwa na James Harvey, mchoraji wa dhahania aliyefanya kazi ya matangazo ili apate kodi ya nyumba. Kazi yake ya mshahara ikawa maarufu kwa jina la mtu mwingine, na turubai zake mwenyewe wachache ndio wanaozifahamu.

Na usijione peke yako. Mwaka 1965 mfanyabiashara wa sanaa wa Toronto alipotaka kuyaingiza masanduku hayo, forodha ya Kanada ilikataa kuyahesabu kama sanamu, ambazo hazikutozwa ushuru. Mkurugenzi wa jumba la sanaa la taifa aliulizwa, akatazama picha zake, akasema si sanamu. Yakatakiwa yalipiwe ushuru wa asilimia 20, kama bidhaa.